Niliacha ugali, uzito ukashuka, kolesteroli ikapanda. Nirudie?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 48, nauza vitenge Makoroboi hapa Mwanza. Februari 2024 nilikuwa na kilo 86. Nikaacha ugali, wali, viazi na sukari, na kufika Mei nilikuwa na kilo 77. Nikapima damu nikaambiwa kolesteroli imeharibika, nikaogopa, nikaacha mpango wote. Sasa nimerudi kilo 84 na sukari ya asubuhi kabla ya kula ni 6.3. Nataka kuanza tena lakini naogopa. Kipimo cha kabla ya kuanza kilisoma 217, cha Mei kilisoma 6.4, sasa sielewi kilipanda au kilishuka. Nakutumia karatasi zote mbili. Natumia dawa ya presha, ile ya kutoa maji. Baba alifariki kwa kiharusi. Tatizo langu kubwa ni kutafunatafuna dukani: karanga, matobolwa, kashata, na jioni nadokoa nikiwa napika. Je, nirudie? Mayai niache? Na maji ya limao na kitunguu saumu yanasafisha mishipa kweli?

JIBU: Salama, mama. Karatasi zako zimefika, tuanze nazo, maana hofu yako yote imetokea humo na bado hakuna aliyekaa akakusomea.

Hizo mbili zimeandikwa kwa vipimo tofauti. Ya Februari imetumia miligramu kwa desilita, ya Mei imetumia milimoli kwa lita. Maabara zetu hazijakubaliana kutumia kimoja, na mtu akibadilisha maabara ndiyo hukutana na kioja kama chako. Kolesteroli ukitaka kuitoa kwenye miligramu kwenda milimoli, gawanya kwa 38.67. Trigliseraidi, yaani mafuta yanayosafiri kwenye damu, gawanya kwa 88.57. Kwa hiyo 217 yako ya Februari ni 5.6, na ya Mei ni 6.4. Ilipanda.

Ila hiyo ni jumla, na jumla peke yake haisemi mengi. Februari HDL, ile wanayoiita kolesteroli nzuri, ilikuwa 39, sawa na 1.0. Mei ikawa 1.4. Trigliseraidi zilikuwa 212, sawa na 2.4, Mei zikawa 1.1. Hayo mawili ni matunda ya kuacha wanga na sukari, na ni matunda mazuri: trigliseraidi tunapenda ziwe chini ya 1.7, na HDL kwa mwanamke iwe juu ya 1.2 hivi. Kilichokwenda kombo ni LDL, ile wanayoiita kolesteroli mbaya. Ilikuwa 136, yaani 3.5, ikafika 4.5.

LDL ndiyo inayojipenyeza kwenye kuta za mishipa na kujenga utando. Kuna watu mitandaoni wanasema LDL haina neno, alimradi HDL imepanda na trigliseraidi zimeshuka. Mimi sikubaliani nao, na kwa mtu ambaye baba yake aliondoka kwa kiharusi nakataa kabisa. Nafasi moja nzima ya milimoli si kitu cha kupuuza. Lakini pia si sababu ya kurudi kwenye wali na kilo 84 na sukari ya 6.3, ambayo ni ngazi ya chini tu kabla ya kisukari, kuanzia 7.0 tunakiita kisukari chenyewe.

Kwa hiyo ndiyo, rudia. Ila usirudie ile ile. Nilipokuuliza kwa simu ulikuwa unakula nini baada ya kuacha ugali, uliniambia: asubuhi kahawa chungu, mchana mbuzi choma au kuku na ngozi yake, supu ya kongoro siku za mnada, mayai ya kukaanga kwa samli, na kijiko cha mafuta ya nazi kwa sababu mtu alikwambia yanayeyusha kitambi. Ugali uliutoa, sawa. Kilichokaa kwenye nafasi ya ugali ndicho kilichopandisha LDL.

Ini lina vipokezi vinavyonasa LDL kutoka kwenye damu na kuiondoa. Mafuta yanayoganda yakizidi, vipokezi hivyo hupungua kazi, na LDL inabaki ikizunguka. Njia rahisi ya kuyatambua ni kuangalia sufuria asubuhi. Supu ya kongoro ikilala usiku, utakuta vitu viwili: kitu kinachotikisika kama jeli, na juu yake utando mweupe mgumu. Jeli haina ubaya, ni protini ya ngozi na mishipa ya mguu wa ng'ombe. Ule utando ndio wenyewe. Ubandue kwa kijiko kabla ya kupasha, supu inabaki na ladha yake.

Kwa mafuta ya kupikia, hesabu yake iko hivi. Mafuta ya nazi, zaidi ya asilimia 80 ni yale yanayoganda. Samli ni zaidi ya nusu. Mawese ni karibu nusu. Mafuta ya pamba, ambayo sisi Kanda ya Ziwa tumeyapikia tangu utoto, ni kama robo. Alizeti ni kama moja ya kumi. Mwanza alizeti haikosekani. Hama uende huko, na hicho kijiko cha mafuta ya nazi kiishie kwenye nywele.

Kitoweo nacho kibadilike, na hapo watu wa ziwani hatuna kisingizio. Kula samaki angalau siku nne au tano kwa wiki: sato, sangara, dagaa, furu ukiwapata. Lakini sato aliyezamishwa kwenye karai la Kirumba, kwenye mafuta yaliyochemka tangu asubuhi mpaka yakawa na rangi ya chai ya rangi, huyo simhesabu. Agiza wa kuchoma au mchemsho. Mchemsho mwambie aliyepika aweke nyanya, hoho, karoti, bamia, viazi na ndizi awaachie wengine. Dagaa wakavu usiwadharau: gramu 30, ambazo ni konzi moja kubwa, zina protini karibu gramu 18. Waoshe vizuri mchanga utoke, wachemshe kidogo, waunge na nyanya na kitunguu. Mbuzi choma sijamkataza, abaki wa Jumapili.

Kuna mambo mengine matatu yanayoweza kuwa yalichangia ile 4.5. Kwanza, ulipima ukiwa bado unapungua kasi. Mwili unapoyeyusha mafuta yake, kolesteroli inaweza kupanda kwa muda, kisha ikatulia uzito ukisimama. Kipimo cha katikati ya safari hakiaminiki sana. Pili, umri. Mwanamke akikaribia kukoma hedhi LDL hupanda yenyewe, hata kama hajabadilisha chakula. Tatu, ile kahawa. Uliniambia vikombe vitano vidogo kwa siku, ya birika, ya kuchemshwa. Kahawa ya kuchemsha isiyopita kwenye karatasi ya kuchujia ina kitu kinachoitwa kafestoli, na kafestoli hupandisha LDL. Ndugu zangu wa Bukoba watanisamehe. Baki na kikombe kimoja, vingine weka chai isiyo na sukari.

Mayai sasa. Yai moja lina kolesteroli miligramu 190 hivi, na ndiyo maana lilipigwa vita miaka mingi. Lakini kwa watu wengi kolesteroli ya kwenye chakula husogeza LDL kidogo tu kuliko yanavyosogeza mafuta yanayoganda, na Marekani wenyewe, waliokuwa wakisema usizidishe miligramu 300 kwa siku, waliliondoa sharti hilo la namba kwenye mwongozo wao wa 2015 hadi 2020. Kwako wewe, kwa LDL hiyo, nasema yai moja kwa siku, la kuchemsha au la kukaanga kwa alizeti kidogo, mpaka kipimo kijacho. Tukiona hali nzuri tutaongeza.

Tuje kwenye kutafunatafuna, maana nadhani huku ndiko mpango wako ulikokufa, si kwenye ile karatasi ya Mei peke yake.

Ofisini kwangu nina mzani mdogo wa jikoni na kopo la karanga za kukaanga. Kila anayenijia na malalamiko kama yako namwambia achote konzi moja kama anavyochota nyumbani, aweke kwenye mzani. Wengi hushtuka. Konzi yangu mimi, na mkono wangu si mkubwa, ni gramu 35. Wewe uliniambia kopo liko kwenye kaunta na unachota kila mteja akiondoka, "labda mara sita". Mara sita ni gramu 210. Hizo ni kalori zaidi ya 1,200. Sahani ya ugali iliyotokana na gramu 150 za unga ina kalori kama 540. Umekula sahani mbili za ugali na ziada, umesimama, bila mboga, na mchana ukasema hujala kitu.

Sisemi karanga ni mbaya. Karanga zina mafuta mazuri yasiyoganda na zinasaidia kushusha LDL zikichukua nafasi ya mbuzi na samli. Shida ni kopo kuwa wazi na mkono kuwa karibu. Pima gramu 30 nyumbani asubuhi, tia kwenye kikopo kidogo chenye kifuniko, beba hicho tu. Zisiwe na chumvi, kwa sababu ya presha. Kikiisha kimeisha.

Matobolwa ndiyo yananisikitisha zaidi, kwa kuwa uliniambia kwamba unayala kwa sababu "si sukari, ni chakula cha asili". Asili ni kweli. Bibi zetu walichemsha viazi vitamu, wakakata, wakaanika juu ya mwamba, vikakaa mpaka msimu wa njaa. Lakini fikiria kilichotoka pale juani: maji tu. Kiazi kibichi sehemu kubwa ni maji. Kikikauka unabaki na wanga na utamu wake. Gramu 100 za matobolwa zina wanga gramu 75 hadi 80, sawa na unga wa sembe. Michembe, yaani vile vinavyoanikwa vikiwa vibichi, ni hivyo hivyo. Na usidanganywe na ugali wa udaga kwamba ni "wa wenye sukari": ni unga wa muhogo, na una wanga mwingi kama wa mahindi au kuuzidi. Kashata sitaisemea, unajua mwenyewe.

Sasa kwa nini unatafuna? Ulidhani ni tamaa. Mimi nikitazama siku yako naona njaa ya kawaida. Asubuhi kahawa tupu, saa nne tumbo linadai. Mchana kipande cha nyama na majani mawili ya mchicha, saa kumi linadai tena. Kila mlo ukiwa na protini gramu 20 hadi 30 hautahitaji kupigana na kopo. Asubuhi yai moja, mtindi glasi moja usiotiwa sukari, na nusu parachichi. Au dagaa waliobaki jana na mgagani. Sioni kwa nini dagaa asiliwe asubuhi. Mchana samaki mzima wa kukutosha, mboga sahani iliyojaa kweli, na maharage nusu kikombe.

Maharage watu wa kuacha wanga huyakimbia. Kwako nayarudisha makusudi. Yana wanga, ndiyo, lakini yana nyuzinyuzi zile zinazoyeyuka na kuwa ute tumboni. Ute huo hunasa nyongo, ini linalazimika kutumia kolesteroli kutengeneza nyongo nyingine, na LDL inashuka. Bamia na mlenda vina ute wa namna hiyo. Nilipokuwa mdogo nilikuwa siupendi mlenda hata kidogo, sasa naupigia debe.

Kuhusu kiasi: mara ya kwanza ulishuka mpaka karibu hakuna wanga kabisa, labda gramu 20 au 30 kwa siku. Safari hii tukae kwenye 100 hivi. Ugali wa ukubwa wa ngumi yako, unaotokana na gramu 50 za unga, ni wanga gramu 38 hivi. Ongeza yale maharage, glasi ya mtindi, kipande cha papai, mboga. Unafika 90 hadi 100. Uzito utashuka polepole kuliko 2024. Zile kilo tatu za wiki ya kwanza ulizofurahia zilikuwa maji kwa sehemu kubwa: mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu inashikilia kama gramu tatu za maji. Wanga ukitoka, maji yanatoka. Ndiyo maana pia ukienda send-off ukala pilau na soda, kesho yake mzani unapanda kilo mbili na unajiona umeharibu yote. Hujaharibu, ni maji yamerudi. Jumatatu unaendelea.

Faida nyingine ya ngumi moja ya ugali ni jioni. Uliniambia unasonga ugali wa familia, huli, halafu unakwangua ukoko kwenye sufuria "kuonja". Ukiwa na ngumi yako halali mezani pamoja na watoto, ukoko utamwachia mwingine. Ukitaka ngumi hiyo iwe jioni badala ya mchana, hamisha. Usile zote mbili.

Kizunguzungu ulichopata wiki ya kwanza mara ile sikitaki kijirudie. Ukipunguza wanga, figo hutoa chumvi na maji zaidi. Wewe tayari unameza kidonge kinachofanya kazi hiyo hiyo, kwa hiyo presha inaweza kushuka kupita kiasi. Wengine wangekwambia uongeze chumvi. Mimi nasema kabla ya siku ya kwanza nenda kwa daktari aliyekuandikia dawa, mweleze unachotaka kufanya, na pima presha kila siku mbili kwa wiki tatu za mwanzo. Dawa usiiache wala kuipunguza mwenyewe. Mimi ni mtu wa lishe, dozi si kazi yangu.

Na wasomaji wengine mnaosoma barua ya huyu mama: anayetumia insulini au glibenklamaidi asijaribu haya bila daktari, sukari inaweza kushuka akaanguka. Anayetumia dapagliflozini au empagliflozini, nazo ni dawa za kisukari, naye amuone daktari kwanza, kwa kuwa kupunguza wanga sana juu ya dawa hizo kunaweza kuleta asidi hatari kwenye damu hata sukari ikiwa haijapanda sana. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye ugonjwa wa figo, mpango huu si wenu.

Vipimo, mama. Pima kabla hujaanza, ili tusibishane baadaye na namba za 2024. Usile kwa muda wa saa 12 hivi kabla ya kupima, kuanzia jioni ya jana yake, maji tu. Hilo lina sababu: kwenye karatasi nyingi LDL haikupimwa, imekokotolewa kwa kutoa HDL na sehemu ya trigliseraidi kwenye jumla. Ukinywa chai ya maziwa na sukari kabla ya kwenda, trigliseraidi zinapanda na LDL inaonekana nzuri kuliko ilivyo. Pamoja na mafuta ya damu omba HbA1c, ambayo inaonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, kazi ya figo, na TSH ya tezi la shingo, maana tezi likizembea LDL hupanda na chakula hakina kosa. Kisha rudia baada ya wiki 12, maabara ile ile, uzito ukiwa umetulia kwa wiki mbili hivi.

LDL ikishuka kurudi kwenye 3 na kitu, tunaendelea. Ikibaki juu ya 4 pamoja na samaki na alizeti na maharage yote haya, au ikigusa 4.9, nenda kwa daktari mkazungumzie dawa za kushusha kolesteroli, ukimtajia na habari ya baba na umri aliougua. Kumeza statini, ambazo ni dawa za aina hiyo, huku ukipunguza wanga hakugongani. Nimewaona watu wanaona aibu kama vile wamefeli mtihani. Kuna ini linaloshindwa kuondoa LDL vizuri kwa kurithi tu.

Limao na kitunguu saumu havisafishi mishipa. Kitunguu saumu kiweke kwenye dagaa, limao likamulie juu ya sato, vinakolea. Usivinywe asubuhi badala ya kifungua kinywa, utafika saa nne una njaa na kopo liko pale kaunta.

Ukipata majibu mapya nitumie picha ya karatasi nzima, pamoja na ile sehemu ya pembeni inayoonyesha vipimo walivyotumia.